Fundi wa Chini

Nyumba ya mama yake Scovia ilivuja mahali pamoja tu, na mahali hapo palikuwa juu ya kitanda. Mvua ingeweza kuchagua mlangoni au pale kuku walipolala, lakini ilichagua kitanda, kama mgeni asiye na adabu. Roselyn, ndiye mama yake, alikivuta kitanda upande huu na mvua ikamfuata, akakirudisha upande ule ikamfuata tena. Nyasi za paa zilikuwa zimeoza. Dawa yake ilikuwa mwanamume mmoja na asubuhi moja ya kazi, na hapo ndipo palipokuwa na taabu.

Kwa Wajaluo mwanamke hapandi juu ya paa. Ni mwiko, wenyewe wanauita kwer, na hakuna anayeuliza ulitoka wapi. Mwanamke akipanda, nyumba hiyo imeharibika, na mwenyewe hatalala ndani mpaka wazee waje waitakase. Baba yake Scovia alikuwa ameshazikwa, kwa hiyo kazi ya paa ilikuwa ya Cephas, mdogo wa marehemu, fundi wa kijiji.

Cephas hakukataa hata siku moja. Afadhali angekataa, maana mtu akikukataa unajua la kufanya. Yeye alisema, "Shemeji, kesho." Kesho akaja, akalitazama paa mikono ikiwa kiunoni, akatikisa kichwa, akasema hali ni mbaya sana. Kisha akaketi kivulini akala kuku. Akishamaliza kujifuta mdomo, akasema nyasi bado hazijakauka vizuri, atarudi. Akarudi kweli, na kuku mwingine akachinjwa. Kuku wa Roselyn walikwisha kabla paa halijapata konzi moja ya nyasi mpya.

Aliyekuwa akiwachinja hao kuku ni Scovia. Alimnyonyoa wa mwisho huku amekunja uso, na mama yake akamwambia, "Acha kununa, Baba mdogo wako atakuona."

"Mwache anione. Mama, mimi nitajifunza hii kazi ya paa."

"Na utapanda na nini? Na hiyo sketi?"

Roselyn alicheka. Scovia hakucheka.

Hiyo ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, msichana ametoka darasa la nane, amepita, na Form One haina wa kumlipia. Roselyn akauza mbuzi, akampeleka chuo cha ufundi kilichokuwa kando ya barabara ya Homa Bay kwenda Rongo. Watu wote walikiita Poli. Mbuzi aliuzwa kwa ajili ya ushonaji, maana wasichana wa Poli walikuwa wanashona. Hakuna aliyewakataza mengine. Mlango wa ushonaji ulikuwa na pazia la maua, na wasichana waliingia hapo kama kuku wanavyoingia kibandani jioni.

Scovia alichungulia nyuma ya pazia. Wasichana wengi walikuwa wamepanga foleni kungoja charahani chache, na moja ilikuwa imekufa pedali. Akasikia sauti upande wa pili wa uwanja, shwaa, shwaa, mtu anapiga randa. Akafuata sauti. Akakuta karakana imejaa wavulana na maranda yamewafika kwenye vifundo vya miguu, na mbele yao mwanamume mwembamba aliyechomeka penseli sikioni.

"Umepotea," huyo mwanamume akamwambia. Alikuwa Mwalimu Fanuel, wa useremala na ujenzi. "Ushonaji ni pale penye pazia."

"Sijapotea, Mwalimu. Hapa mnafundisha kutengeneza paa?"

"Tunafundisha."

"Basi nimefika."

Fanuel alimtazama viatu, akamtazama mikono, akampa randa na ubao mgumu. Kazi ya ubao huo ingemchosha mpaka arudi mwenyewe kwenye pazia, ndivyo alivyofikiri. Jioni msichana alikuwa na malengelenge viganja vyote viwili, ubao umelala sawa kama maji ya mtungini, na anauliza kesho waje saa ngapi.

Wavulana walimpa jina la Nyar Lambwe, binti wa Lambwe, bonde alikotoka, na wakamchokoza kadiri walivyoweza.

"Nyar Lambwe, hiyo randa utapikia chapati?"

"Nitapikia. Na wewe utakuwa kuni."

Wakajua ulimi anao. Mikono pia akawa nayo. Stuli yake ya kwanza ilicheza kama mlevi, ya pili ikatulia. Akajifunza kukata ulimi na tundu, mbao zikaingiana bila msumari. Akajifunza kushika timazi, ule uzi wenye chuma mwishoni, usubiri utulie wenyewe wala usiulazimishe. Siku moja Fanuel aliwachorea kenchi kwa chaki sakafuni, zile mbao za pembetatu zinazobeba paa, ukubwa wake kamili, akawaonyesha kila mbao inapolalia mwenzake. Wavulana wakaona ni mchezo wa darasani tu. Fundi wa kweli, walisema, hupanda juu akakata na kupigilia huko huko kwa macho. Baba zao walifanya hivyo, na Cephas pia.

Lakini Poli ilikuwa na sheria moja. Mwanafunzi wa ujenzi lazima aezeke jengo la watu, lililo na wenyewe, Fanuel akiangalia. Bila paa hakuna cheti, na bila cheti hakuna lile sanduku la vifaa ambalo wahitimu walipewa, lenye msumeno mpya, nyundo, patasi na pima maji. Msichana asiye na cheti wala vifaa angerudi Lambwe kuwa nani? Angekuwa yule aliyekula mbuzi wa mama yake.

Wakapelekwa Kendu Bay kuezeka nyumba ya mwenye duka. Scovia aliwekwa chini kupitisha mbao na misumari, na hakulalamika, alingoja zamu yake ifikiriwe. Ikaja siku upepo wa ziwani ukaamka ghafla, mawingu meusi, mabati yamelazwa juu nusu yake hayajapigiliwa, wavulana wote wako upande wa pili. Bati moja likaanza kuinuka na kupiga kelele. Likiruka hilo litamkata mtu shingo. Scovia hakufikiri. Alishika nyundo, akapanda ngazi, akalala juu ya bati kwa tumbo, akapigilia.

Alipogeuza kichwa, mama mzee wa mwenye nyumba alikuwa uani ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Yawa! Nyumba ya mwanangu! Msichana yuko juu ya nyumba ya mwanangu!"

Bati lilipona, nyumba ikaharibika. Ndivyo walivyosema. Mwenye duka akakataa kuhamia. Wazee wakaja na kondoo na majani yao, yale mabati yakashushwa yote, hata yale ambayo hakuyagusa, na Poli ikabeba lawama. Mkuu wa chuo akatoa amri: msichana huyo asipelekwe tena kwenye nyumba ya mtu.

"Sasa nitaezeka nini, Mwalimu?" Scovia akamuuliza Fanuel. "Kibanda cha kuku?"

"Hata kuku wana mwenyewe." Fanuel alikuwa anamwonea huruma na hasira pamoja. "Nyar Lambwe, mimi sikuandika sheria ya Poli, na sikuandika kwer. Zote mbili zimekukuta. Tafuta paa kabla Poli haijafungwa mwisho wa mwaka. Lisiwe la nyumba ya mtu. Na usipande."

"Niezeke bila kupanda."

"Mimi nimesema tu. Sikusema inawezekana."

Akamwambia pia, kwa upole, kwamba kule ushonaji bado wangempokea. Scovia akamshukuru, akaondoka na mdomo umefungwa. Mtu ambaye mdomo wake haufungwi, ukimwona ameufunga, ujue ameumia.

Akarudi Lambwe likizo. Jirani yao alikuwa amefuma dero mpya, ghala la mahindi, kubwa kama chungu cha majitu, limesimama juu ya mawe. Siku hiyo walikuwa wanaweka kifuniko. Kila mtu wa huko amekulia akiona jambo hili na hakuna anayelitazama, kama usivyotazama pua yako. Kifuniko cha dero hufumwa chini, kimekaa uwanjani peke yake kama kofia kubwa ya nyasi. Kikishakwisha, watu wanakishika pembeni, wanahesabu, hooo, wanakiinua na kukivisha dero kichwani.

Scovia alikuwa amebeba mtungi wa maji. Akasimama nao kichwani, maji yanamtiririka shingoni, hajali.

"Wewe, umepigwa na nini?" mama yake akamuuliza.

"Mama, kofia gani ilishonwa ikiwa kichwani kwa mtu?"

"Hakuna."

"Basi paa linashonewa juu kwa nini?"

Roselyn akamshika paji la uso kuona kama ana malaria.

Shule ya msingi ya hapo ilikuwa inajenga darasa kwa harambee. Kuta zilikuwa zimekwisha, mbao na mabati yamefika, na aliyekuwa ameahidiwa kuezeka ni Cephas, ambaye kwa kawaida yake alikuwa amekwisha kusema kesho mara kadhaa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Job, mtu wa kanisa, mrefu, mkali, aliyevaa koti hata jua likiwaka. Watoto walisoma chini ya mti na mvua za vuli zilikuwa zinakaribia. Scovia akaenda kwake akiwa amefunga kitambaa vizuri, akasimama mbali kidogo kama inavyotakiwa.

"Mzee, naomba kuezeka darasa."

Mzee Job alikuwa amesikia habari za Kendu Bay. Nani hakuzisikia? "Binti yangu, hapa hakuna mwanamke atakayepanda."

"Sitapanda, Mzee."

"Basi utaezekaje?"

"Chini."

"Chini wapi?"

"Chini kwenye nyasi, Mzee. Nitatengeneza kenchi zote hapa uwanjani, kila moja imekamilika. Wanaume watainua, kama kifuniko cha dero. Baba mdogo Cephas atakuwa juu kupokea na kupigilia. Mguu wangu hautaacha udongo."

Mzee Job akafikiri. Alitafuta kosa katika hilo jambo, na mtu anayetafuta kosa asilione huwa anakasirika kidogo. "Na ngazi?"

"Ngazi ina nini?"

"Ngazi utakanyaga?"

"Mzee akisema ngazi ni paa, ngazi sitaikanyaga. Akisema na stuli ni paa, stuli pia nitaikwepa, nitakaa chini kama paka."

Mke wa Mzee Job, aliyekuwa anapepeta mtama hapo karibu, akashindwa kujizuia, akacheka ndani ya ungo. Mzee akakohoa. "Ngazi usikanyage," akasema. "Na ukikanyaga, hata kidole, kazi imekwisha na mimi mwenyewe nitamwambia mwalimu wako."

Hilo likawa ndilo agano.

Cephas aliposikia, alicheka mpaka akashika nguzo. "Mimi, Cephas, niongozwe na mtoto wa kaka yangu? Tena amesimama chini?"

"Baba mdogo, si wewe ulikuwa unasema juu ni kazi nzito? Nimekupunguzia. Wewe ni kupokea na kupigilia tu."

"Na kuku?" Hakuwa anatania.

"Kuku ni siku paa litakapokaa."

Akaja. Kuku aliye mbele humvuta Cephas kuliko kuku aliye tumboni, hilo Scovia alilijua tangu utoto.

Kabla ya kukata ubao wowote, Scovia alimtuma Cephas juu ya ukuta na timazi. "Angusha hapo. Subiri itulie. Sasa sogea." Yeye chini anaweka kigingi pale chuma kinapoelekea, ukuta mzima, mbele na nyuma. Alipovuta kamba kati ya vigingi, akaona jambo ambalo hakulipenda. Darasa halikuwa sawa. Upande wa mlango ulikuwa mwembamba, na kadiri ulivyokwenda upande wa ubao wa mwalimu kuta zilifunguka polepole, mpaka kule mwisho zilikuwa zimezidi kwa kiganja kizima. Waliojenga walijenga kwa macho, na macho yao yalikuwa yameona njaa.

"Haiwezekani," Cephas akasema kutoka juu. "Mimi nilikuwepo likijengwa."

"Ndiyo maana, Baba mdogo."

Kenchi zikifanana zote, hazitakaa. Kwa hiyo kila moja ikapimwa kwa mahali pake, na zikawa zinaongezeka kidogo kidogo kutoka mlangoni mpaka mwisho, kama watoto wa mama mmoja wamejipanga. Scovia akazilaza uwanjani juu ya vigingi, akakata, akapigilia, akageuza, akapigilia tena. Kwa kuwa jicho halingeweza kuona tofauti hiyo, alichonga alama kwa patasi kwenye mguu wa kila kenchi. Ya mlangoni alama moja, inayofuata mbili, na kuendelea. Akamwonyesha Cephas, akamshikisha kidole juu ya alama.

"Zipande kwa mpango huu. Usibadilishe."

"Nimesikia."

"Umesikia au umeelewa?"

"Wewe mtoto una mdomo."

Siku ya kuinua, watu walikuja wengi kuliko siku ya mazishi ya chifu. Nusu walikuja kusaidia, nusu walikuja kuona mwanamke akishindwa. Mwalimu Fanuel alifika kwa baiskeli kutoka Poli, suruali imebanwa kwa kibanio, akaketi pembeni. Roselyn alisimama na wanawake waliobeba uji. Mzee Job alisimama karibu na ngazi, na kila mtu alijua anachokilinda pale.

Kenchi ya kwanza ikainuka kwa kamba na mikono, hooo, ikayumba, wanawake wakashika vinywa, ikafika juu, Cephas akaidaka.

"Imekaa?" Scovia akaita.

Cephas alikuwa anaitikisa kutafuta mahali inapocheza. Hapakuwapo. "Imekaa kama chifu barazani," akasema mwishowe, bila kufurahi.

Watu wakacheka, kazi ikapata moto. Nyingine, na nyingine. Scovia alikuwa anazunguka kule nyuma na kamba, anahakikisha hazilali upande, na vijana walikuwa wanashindana nani anainua haraka. Hapo ndipo Cephas alipofanya lake. Mbili zilikuwa zimelala karibu, ya mwisho kabisa na iliyo katikati. Ya mwisho ilikuwa karibu zaidi na mikono ya vijana, na kwake mbao ni mbao, akapiga mluzi wampe hiyo. Ikaingia katikati kwa kusukumwa, miguu imetokeza kidogo tu nje ya ukuta, nani ataona. Wakaendelea, mpaka ikabaki moja.

Wakaiinua hiyo iliyobaki upande wa ubao wa mwalimu, upande ule mpana. Mguu mmoja ukakaa ukutani, wa pili ukaning'inia hewani.

"Fupi!" Cephas akapaza sauti, na sauti yake ilikuwa na sherehe ndani. "Niliwaambia! Fupi! Kenchi ya kupimiwa kwenye nyasi!"

Uwanja ukanong'ona wote kwa pamoja. Vijana walioshikilia kamba walianza kutetemeka mikono. Scovia alikuja mbio, akatazama juu, na akajua kabla hajafika. Hiyo haikuwa ya mwisho, ilikuwa ya katikati.

"Baba mdogo, hiyo ina alama ngapi mguuni?"

"Alama gani? Mbao ni fupi!"

"Hesabu!"

"Nimeshika kenchi kwa mikono miwili, nihesabu na meno? Kama unajua sana, panda uone mwenyewe!"

"Panda!" kijana mmoja wa kamba akasema, jasho linamwingia machoni. "Nyar Lambwe, panda haraka turekebishe, mikono inakatika!"

"Panda, binti!" Hata wanawake wengine walisema hivyo, kwa huruma.

Ngazi ilikuwa hapo mbele yake. Kupanda, kugusa alama, kusema hii hapa na ile pale, na jambo limekwisha. Mikono yake ilikuwa inajua. Mguu wake mmoja ulikuwa umekwisha kusogea. Akamwona Fanuel amesimama kutoka alipoketi, uso umemkauka, na Mzee Job ameshika ngazi kwa mkono mmoja, anatazama ule mguu.

Scovia akaurudisha mguu, akaupigilia chini kama kigingi.

"Mzee," akasema, "mimi siwezi kupanda. Wewe unaweza."

"Mimi?"

"Wewe ni mwenyekiti. Darasa ni lako. Panda ukashike miguu ya hizo kenchi, uniambie kidole chako kinahesabu ngapi. Mimi nikiwa nimedanganya, uniambie mbele ya watu wote, na nitaenda nyumbani."

Mzee Job alitazama ngazi kama mtu aliyeambiwa aoe tena. Lakini watu walikuwa wanamtazama, na kijana wa kamba alikuwa anaugua kwa sauti. Mzee akavua koti. Hakuna aliyewahi kumwona bila hilo koti, na chini yake alikuwa mwembamba kama fito. Akalimpa Roselyn amshikie, akapanda.

"Hii inayoning'inia," akaita. Akapapasa. "Moja, mbili... nne. Ina nne!"

"Mahali pa nne ni wapi kutoka mlangoni?"

Mzee akatambaa juu ya ukuta akihesabu kenchi kwa mkono, suruali inashika misumari. Akafika katikati, akapapasa mguu. Akapapasa tena. Kisha akageuka polepole kumtazama Cephas.

"Cephas. Hii ya hapa ina saba. Wewe ulisoma hesabu wapi?"

Uwanja ukalipuka. Cephas akasema jua lilikuwa machoni, akasema vijana walimpa ile mbao, hakuna aliyesikia. "Shusheni hiyo!" Mzee Job akaamuru kutoka juu, koti hana, sauti imempanda. "Chomoeni hii! Binti, tunaanza na ipi?"

"Shusheni yenye nne kwanza, Mzee, wa kamba wapumzike. Kisha chomoeni yenye saba, muilaze. Kisha nne katikati, saba mwisho."

Ndivyo walivyofanya. Ya nne ikaingia katikati bila kusukumwa, miguu sawasawa na ukuta. Ya saba ikapanda polepole, vijana wakihema, ikatua upande wa ubao, mguu huu na mguu ule kwa mara moja, tak. Mlio huo Scovia aliusikia mifupani. Mzee Job akaketi juu yake. Akajitikisa kwa makalio kama anayejaribu kiti dukani, mbao haikulia.

"Imekaa," akatangaza. Hakungoja kuulizwa.

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe wakakimbia bondeni. Roselyn alikuwa anacheza na koti la mwenyekiti mabegani, hajui hata kama amelivaa.

Mabati yalipigiliwa kabla ya mvua ya kwanza, na kuanzia siku hiyo kila aliyekuwa juu alikuwa anaita chini. "Fundi, hapa?" "Fundi, nishushe kidogo?" Cephas alishikilia siku moja nzima bila kulisema neno hilo. Kesho yake msumari ukamkataa, akaita bila kufikiri, "Fundi, niletee mwingine," na alipotambua amesema nini akajifanya anakohoa. Scovia akampelekea msumari kwa kijiti kirefu, akampikia kuku wake pia, kama alivyoahidi. Naye Cephas, kabla ya kuondoka, akaenda bila kuambiwa akaezeka nyumba ya Roselyn.

Fanuel alikagua darasa kwa timazi na kwa kamba, ndani na nje, akatafuta kosa kama kazi yake ilivyomtaka. Akafunga kamba yake. "Umepita mtihani wa paa," akasema. "Na mwakani nitafundisha hivi hivi. Hawa wavulana wangu watashushwa pua kutoka mawinguni." Scovia akapokea cheti na sanduku siku moja na wengine, na akalibeba sanduku kichwani kutoka barabarani mpaka nyumbani, akikataa kila aliyetaka kumsaidia, ili kila boma lione.

Kazi zikaja. Akafungua banda la kazi mjini Migori, karibu na barabara ya kwenda mpakani, akaajiri wanaume wa kupanda. Wa kwanza kuomba kazi alikuwa Cephas. Mvua kubwa za El Niño zilipokuja mwaka wa tisini na saba na kung'oa mapaa ya watu Migori na Homa Bay, darasa la Lambwe lilibaki na mabati yake yote, na familia zilizobomokewa zikalala ndani yake. Hapo jina lake likavuka mipaka ya Wajaluo. Wakamwita Fundi wa Chini.

Likamfikia mtu wa Kehancha aliyeitwa Maroa, mkulima wa tumbaku, ambaye upepo ulikuwa umelipeleka paa la banda lake la kukaushia majani mpaka shamba la jirani. Mabanda hayo ni marefu kwenda juu, na paa likikosea moshi unatoka na tumbaku inaoza. Akaja mwenyewe Migori.

"Ni wewe wa chini?"

"Ni mimi."

"Kwa nini unakaa chini?"

Scovia akamweleza kwer. Maroa akamsikiliza kwa heshima yote, kama Mkuria anayesikiliza mwiko wa majirani usiomhusu.

"Banda ni langu," akasema. "Mimi sina neno. Ukitaka panda, ukitaka usipande."

Wakafanya kazi kama kawaida, kenchi chini, alama miguuni, wanaume wakainua, na Cephas sasa alihesabu alama kwa sauti kama mtoto wa nasari. Lilipobaki bati la mwisho, Cephas ameshuka kunywa maji, Scovia aliitazama ngazi. Akamtazama Maroa, naye Maroa alikuwa anazungumzia mbolea na mtu mwingine, hana habari. Scovia akafunga sketi vizuri, akaanza kupanda.

"Fundi!" Cephas akaita kutoka chini, macho yamemtoka. "Fundi, unaenda wapi?"

Alipanda mpaka mwisho, akaketi kileleni. Kehancha yote ilikuwa chini yake, mashamba ya tumbaku, ng'ombe, barabara nyekundu, na mbali kule Tanzania imekaa tu kama nchi nyingine yoyote. Bati likamchoma mapaja. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Fundi! Huko juu kuna nini?"

"Jua, Baba mdogo!" akamjibu, na kicheko kikampanda kutoka tumboni mpaka akalazimika kushika mbao. "Kuna jua tu na mabati ya moto! Miaka yote mlikuwa mnaficha hivi?"

Akapigilia misumari yake, akashuka, akawaambia wakusanye vifaa, maana kesho walikuwa wanatakiwa Rongo.